Waje Mkunguni basi

Nimesoma habari ya vijana fulani, hao wangekuja Lamu 😂😂 ati wamevaa makoti ya kung'aa, wakashika kitabu cha risiti wakawa wanatoza watu kukaa benchi ya umma na kusimama kivulini, wengine wakakataa lakini wengine wakatoa pesa kweli! Sasa waje Mkunguni pale mbele ya ngome baada ya alasiri wawaambie wazee walipe bob 20 kila mchezo wa bao, wallahi kitabu watakiacha hapo na koti watalivua wenyewe. Na hizi baraza za mawe nje ya majumba mtazitozaje, mtu yuko mlangoni kwao lakini miguu iko njiani? Punda je, anasimama popote atakapo, bili apelekewe nani?

Ila msicheke sana jamani, haya mambo yapo. Venice 2024 walikuwa na siku 29 mgeni wa kutwa analipa yuro 5 kuingia mjini tu, na kule Ujerumani msanii mmoja alitengeneza benchi lenye miiba ya chuma, utie sarafu ndo miiba ishuke ukae, muda ukiisha inapanda tena (bao halijafika nusu ushachomwa).

Mie waliokataa wala sikuwashangaa, nimemshangaa yule aliyelipa kivuli halafu akadai risiti ya mkewe pia. Huyo bila shaka ofisini kwao wanamrudishia. Na zile pesa walizokusanya walizipeleka wapi, mbona habari haisemi?