Diski za breki: afunge mwenye gari au fundi?

Kwenye mteremko wa Mkoani unaoshuka bandarini, usukani wa gari langu ulianza kutetemeka kila nikigusa breki. Mtetemo wenyewe ulikuwa mdogo, lakini wa kufuatana, na nikiusikia hata mguuni: pedali inanisukuma, inalegea, inanisukuma tena. Kwa anayeendesha Pemba dalili hiyo haidharauliki. Unguja barabara nyingi ni tambarare. Huku kwetu hupandi kilima ila utakishuka.

Diski za mbele, zile sahani za chuma zinazozunguka na tairi na kubanwa ukifunga breki, zilikuwa zimechoka. Barzani, baada ya alasiri, nikasema nakusudia kuzibadilisha mwenyewe uani kwangu. Palepale tukagawika. Wapo walioniambia breki haichezewi, kazi ina mwenyewe. Wapo waliosema hiyo ni bolti chache na jioni moja. Nimekaa na maneno yao tangu siku ile, na naona kila upande umeshika jambo la kweli, ila si lile unalolipigania.

Kwanza, tofauti ya nyumbani na gereji huku ni ndogo kuliko inavyosemwa. Gereji zetu nyingi ni mwembe, jeki moja, sanduku la spana na kijana anayejifunza kazi. Fundi huyohuyo ukimpigia simu anakuja mpaka mlangoni kwako. Diski na pedi, vile vibao vinavyoibana diski, unanunua wewe; zikikosekana Chake Chake, unaagiza Unguja au Dar es Salaam, zinakuja na boti. Linalobaki ni nani anashika spana, na nani anaiangalia kazi ikishakwisha.

Wanaotetea kujifanyia wenyewe huanza na pesa. Hoja hiyo kwangu ni nyepesi. Ujira niliotajiwa ulikuwa mdogo kuliko bei ya diski zenyewe, na ukinunua stendi mbili za kuegemeza gari na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, mara ya kwanza unatoa zaidi. Nguvu ya upande wao iko kwengine: kwenye muda.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka diski zikachongwe kwenye mashine, zirudi sawa. Hakuzipima. Nyumbani nilizipima unene kwa maikromita ya kuazima. Ukingoni mwa diski iliyolika hubaki mdomo ambao pedi haiufikii. Ukipima hapo utadanganyika, lazima kipimo kiingie ndani yake. Kikomo kilikuwa kimechapwa kwenye chuma chenyewe, milimita 20. Mimi nilipata 20.3. Kuchonga kungezishusha chini ya kikomo, na diski nyembamba hupata moto upesi. Moto huo haukai kwenye chuma tu. Unapita kwenye kalipa, ile kamio inayozisukuma pedi, mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140 tu, na unyevu kisiwani hatuukosi mwaka mzima. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabanika, pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea kwenda.

Halafu kuna kutu. Diski ni chuma cha kusubu, pale pedi inapopita hapana rangi, na hewa yetu ina chumvi. Ile kutu nyekundu ya asubuhi baada ya mvua haina neno, ukifunga breki mara mbili tatu inafutika. Mbaya ni inayoota nyuma, kati ya diski na habu, kile kitovu kinachobeba diski na tairi. Diski yangu ya kushoto ilikataa kutoka. Wengi hapo huchukua nyundo wakapiga, na beringi ndiyo inayoumia. Lakini kwenye diski za Toyota nyingi mna matundu mawili madogo yenye njia za skrubu. Unatia bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, unazikaza kidogo kidogo kwa zamu, diski inajisukuma yenyewe. Yangu iliachia kwa kishindo, na nyuma yake kutu imekaa matabaka matabaka kama maganda ya kitunguu. Nilisugua habu kwa brashi ya waya karibu nusu saa, mpaka chuma cheupe kikaonekana. Diski mpya ikiikalia kutu ile hukaa upande, na upande wa unene wa unywele unatosha: baada ya muda mtetemo unarudi, mwenye gari anasema kauziwa diski feki. Fundi ambaye magari matatu yanamsubiri chini ya mwembe hana nusu saa hiyo. Simlaumu, anatafuta riziki. Lakini mimi ninayo.

Upande wa pili husema huna ujuzi. Kufungua kalipa kunajifunzika, hilo halinitishi. Kinachonitisha kwanza ni ardhi. Uani kwangu ni udongo mwekundu. Ukilowa, jeki inazama upande mmoja. Nataka ubao mpana chini ya jeki, stendi chini ya gari, na jiwe nyuma ya tairi zilizobaki chini, la sivyo kazi isianze. Gari lililoshikiliwa na jeki peke yake usitie chini yake hata mkono.

La pili, na ndilo zito, ni upweke. Uani hakuna wa kukuuliza. Umeyaosha yale mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kwenye diski mpya? Umeifunga kalipa kwa waya, au umeiacha inaning'inia kwa mpira wake wa mafuta? Grisi uliyotia kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake si ile ya kawaida inayofurisha vimpira? Umekanyaga pedali mpaka ikawa ngumu, kabla hujaliondoa gari? Na gari la kijijini halina abiria mmoja. Usiku jirani akishikwa na uchungu, akipelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee, hakuna anayeuliza breki kafunga nani.

Fundi anaweza kuharakisha, lakini ameshaona magari mamia. Jicho lake likipita tu huona mpira wa breki uliopasuka na beringi inayolia, vitu ambavyo wewe hukuvitafuta.

Mpaka wangu basi nimeuweka hapa. Diski na pedi, za pande zote mbili kwa pamoja, naweza kufunga mwenyewe, na nati za tairi nazikaza kwa torki, nyutoni-mita 103 kwa Toyota ndogo kama yangu. Chochote kinachofungua njia ya mafuta, mipira, silinda, kutoa upepo kwenye mafuta, ni cha fundi. Na kabla tairi hazijarudishwa, fundi aje aitazame kazi, nami nimlipe kwa kutazama kwake.

Sharti hilo la mwisho halikuwepo siku nilipozifunga zangu. Baada ya alfajiri, barabara tupu, nilizizoesha diski na pedi mpya: kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka 10, mara kumi, bila kusimama kabisa, nikiziachia zipoe kila baada ya breki. Usukani ulitulia kabisa. Niliporudi nikasogeza kiganja karibu na kila rimu. Kulia palikuwa na joto la kawaida. Kushoto mkono haukukaribia.

Nikalipeleka taratibu mpaka chini ya mwembe. Fundi alivua tairi, akachomoa pini mbili za kalipa, akaziweka sambamba juu ya kitambaa.

"Ami, hizi umezipishanisha. Yenye kimpira nchani inakaa upande ule."

Akazirudisha kila moja mahali pake, akaisukuma kalipa kwa vidole viwili, ikateleza. Pini hizo nilikuwa nimezishika kwa muda mrefu jana yake, moja kila mkono, nikizipaka grisi.