Adele na talaka yake: ukweli wa msanii uishie wapi?

Albamu ya Adele iitwayo 30, iliyotoka Novemba 2021, ni ya mwanamke anayeieleza talaka yake mwenyewe, na kwa msikilizaji wa Dodoma inaleta swali ambalo sauti yake nzuri haiwezi kulijibu: je, msanii ana haki ya kuyaanika ya nyumbani kwake kwa kiwango kile?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Nyimbo za kuachwa tulizozizoea, ziwe za bongofleva au za taarabu, huwa na mkosaji mmoja, naye karibu siku zote ni yule asiyeshika maikrofoni. Adele, mzaliwa wa Tottenham, London, amekwenda kinyume. Yeye ndiye aliyeondoka katika ndoa ambayo kuvunjika kwake kulitangazwa mwaka 2019, na katika mahojiano alisema kwamba aliitengeneza kazi hii ili mwanawe, atakapokuwa mtu mzima, aelewe kwa nini mama yake alichagua kuyavuruga maisha ya mtoto huyo. Hata wimbo wa Easy on Me, ambao wengi huuchukulia kuwa wa mapenzi tu, ni ombi la mtu anayejua kwamba atahukumiwa. Msanii anayejitia hatiani mwenyewe si wa kila siku, na hilo peke yake linaipa albamu uzito.

Wanaompinga hawasemi kwamba anadanganya. Wanasema kwamba amepitiliza. Taarabu imewalea wasikilizaji wake katika mafumbo, ambamo aliyelengwa anajijua bila kutajwa. Katika muheme wa wanawake wa Kigogo, ngoma zikiwa zimebanwa magotini, wimbo huanzishwa na mmoja ukapokewa na wengi, hivyo uchungu unaoimbwa hauwi mali ya mtu mmoja wa kunyooshewa kidole. Kwa aliyekulia katika uimbaji wa namna hiyo, My Little Love ni wimbo mgumu kuusikiliza, kwa sababu ndani yake zimewekwa rekodi za mazungumzo ya mama na mtoto wake mdogo, kisha mwishoni sauti ya mama akilia na kukiri kwamba ameelemewa na upweke.

Mimi kilio hicho sikioni kuwa kosa, maana ni chake na ana haki ya kukitoa. Kinachonitatiza ni sauti ya mtoto, ambaye hakuwa na umri wa kupima maana ya kusikika na ulimwengu mzima wakati wazazi wake wametengana. Tena haikuwa lazima. Katika To Be Loved, albamu ileile, kuna piano na sauti tu kwa zaidi ya dakika sita, naye anaungama mengi bila kumshirikisha mtu mwingine. Huo, kwa masikio yangu, ndio wimbo mkweli kuliko zote.

Ni haki pia kukumbuka kwamba Adele alitaka asikilizwe kwa mpangilio, hata akaiomba Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, iache kuchanganya nyimbo za albamu yenyewe pale mtu anapobonyeza kucheza, nayo ikakubali. Huku kwetu, ambako wengi hurushiwa nyimbo mbili tatu kwenye flashi au simu, albamu hufika vipande vipande, na anayebeba Easy on Me peke yake hupata huzuni bila maungamo. Baadhi ya lawama zinatokana na usikilizaji huo. Ila hata anayeisikiliza yote kwa mpangilio atakutana na tatizo lilelile: maelezo yaliyokusudiwa kumfikia mwana akishakua yamewafikia kwanza watu wasiomjua, na yeye, aliyezaliwa mwaka 2012, atatimiza miaka 18 mwaka 2030, wakati hana tena nafasi ya kukataa.