Siku tano bustanini, karibu mwaka mzima chini ya kanisa

Wataje akina mama wa Freedom Corner, wale waliokaa kwenye kona ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1992 wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, mbele ya Wakenya wa rika lolote, na jambo la kwanza utakalosikia ni nguo walizovua. Ni kumbukumbu nzito na inastahili kutunzwa. Lakini tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, na utekaji uliofuata, nimeisikia ikitumiwa kuunga mkono hoja mbili zinazopingana. Wapo wanaosema: hata wale wazee waliokaa kwa amani walipigwa, ikabidi wachomoe laana, kwa hiyo amani haimtishi mtawala wa mabavu. Wengine wanajibu kwamba akina mama walishinda bila kurusha jiwe. Naona wote wanaitazama siku moja tu, tarehe 3 Machi 1992, na siku hiyo haikumtoa mtu jela.

Kisa chenyewe wengi wanakijua, nitakigusa tu. Ijumaa tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka vijijini, walikwenda pamoja na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Amos Wako. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibu. Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilikuwa kimefutwa Desemba iliyotangulia. Wana wao walikuwa wanaozea ndani kwa madai ambayo sasa yalikuwa halali, na wakubwa wa serikali waliyazungumza hadharani. Kama sheria imebadilika, mbona mtoto wangu hajarudi? Wako aliahidi kulishughulikia. Wao wakamjibu kwamba watangoja Uhuru Park, wakaenda wakaketi kwenye kona ya bustani na mablanketi yao, wakagoma kula, wakawasha mishumaa.

Hapo ndipo kulitokea jambo ambalo wanaodharau njia ya amani hawalipi uzito. Watu walianza kusimama mbele ya wale akina mama na kusimulia walivyoteswa. Ng'ambo ya barabara kuu ya Uhuru Highway liko jengo la Nyayo House, na katika vyumba vyake vya chini, tangu msako wa mwaka 1986 dhidi ya Mwakenya, kundi la siri la upinzani, watu walikuwa wamefungiwa gizani, wakasimamishwa kwenye maji, wakapigwa hadi wakakiri yasiyokuwepo. Jambo hili lilijulikana, ila lilinong'onwa. Aliyetoka huko hakumsimulia hata mkewe. Sasa mwanamume mzima alisimama mchana, jengo lenyewe likionekana, akawaeleza mama za watu alichofanyiwa. Nikijiuliza kwa nini ilikuwa pale na si kwenye mikutano ya vyama vipya vya upinzani, jibu ninalolipata ni kwamba mbele ya mama mzee huhitaji kuwa shujaa. Unaweza kulia. Kona ile iligeuka baraza, na serikali iliyoishi kwa kunyamazisha watu iliona hatari hiyo kabla sisi wengine hatujaiona.

Jumanne ikafika. Polisi wa kutuliza ghasia wakaja na rungu na gesi ya machozi, wakayavamia mahema. Maathai alipigwa akazimia, akakimbizwa hospitalini. Katika vurumai hiyo baadhi ya akina mama, Ruth Wangari Thungu akiwa mmoja wao, walivua nguo mbele ya askari wenye umri wa watoto wao. Kwa Wakikuyu, na kwa jamii nyingi za kanda hii, mwanamke wa umri wa kukuzaa akikuvulia nguo kwa uchungu amekulaani wewe na kizazi chako. Anakwambia: huku ndiko ulikotoka, na sasa nakukana. Askari waligeuza nyuso.

Upande wa pili una hoja ya haki hapa, na sitaki kuirukia. Laana ni silaha. Anayelaani anataka aliyelaaniwa adhurike, hata kama hajamgusa. Je, harakati hizo bado ni za amani? Tena tendo lenyewe lina historia ya kuwasha moto. Machi 1922, umati ulipokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai Harry Thuku, kiongozi wa wapinga ukoloni, aachiliwe, Muthoni Nyanjiru alipandisha vazi lake na kuwaambia wanaume wampe suruali zao wachukue gauni lake. Umati ukasonga mbele, risasi zikalia, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Mwaka 1992 pia, baada ya akina mama kupigwa, vijana walipambana na polisi mitaani. Wanaotafuta mfano wa utulivu mtakatifu kwenye tarehe 3 Machi hawataupata.

Mimi hoja hiyo naikubali. Kuvua nguo kulikuwa kilio cha walioishiwa, kama kulivyokuwa Apaa, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2015, wanawake walipovua nguo mbele ya mawaziri waliokuja kuwawekea mipaka kwenye ardhi yao. Leymah Gbowee, mwanaharakati wa amani wa Liberia, naye, mwaka 2003, alianza kuvua nguo mjini Accra walinzi walipotaka kumkamata kwenye mazungumzo ya amani. Pote huko tendo lilitokea mlango ulipofungwa usoni. Lina uzito wake, lakini si mpango wala halirudiwi kila wiki. Ukilifanya kuwa kiini cha harakati, utawaambia vijana wa leo kwamba siri ya akina mama ilikuwa dakika chache za ghadhabu, na utakuwa umewadanganya.

Kiini chake nakiona kwenye kilichofuata. Usiku ule polisi waliwakusanya akina mama wakawarudisha kwao kwa nguvu. Kwa hesabu ya serikali, mambo yalikwisha hapo. Mwanamke mzee amepigwa, amevuta gesi, amevuliwa heshima mbele ya mji mzima, amefikishwa mlangoni pake. Atakaa, atauguza majeraha, atamwachia Mungu. Wengi wao wakageuza, wakapanda gari kurudi Nairobi. Bustani ilikuwa imezingirwa. Wakaenda Kanisa Kuu la All Saints, umbali mfupi kutoka pale, wakapewa chumba cha chini ya kanisa. Wakatandika. Walikusudia kukaa siku chache. Walikaa karibu mwaka mzima.

Nawaomba wasomaji wasilipite neno hilo haraka. Bustanini walikaa siku tano, Ijumaa hadi Jumanne. Chini ya kanisa walikaa tangu mvua za masika za 1992 hadi mwaka ukageuka. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, mengine bila shaka kwa mikono ya majirani na wakaza wana. Walalapo ni sakafu ya mawe, na Nairobi ya Julai inauma mifupa hata ya kijana. Hakukuwa na kamera kila siku. Magazeti yaliyowaandika Machi yalikuwa na mengine ya kuandika: vyama vinagawanyika, uchaguzi unakaribia, mapigano ya kikabila Bonde la Ufa. Wao waliamka, wakasali, wakaimba, wakapokea wageni, wakalala. Kesho yake hivyo hivyo. Huu ndio upinzani wa amani ninaoutetea, na hauna picha moja ya kubandika ukutani.

Kuna atakayesema walikuwa salama kanisani, kwa hiyo ushujaa wenyewe ulikuwa mdogo. Polisi walilizunguka kanisa hilo. Na tunajua ukuta wa kanisa haukuwa ngome, kwa sababu Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliingia All Saints lilelile wakawapiga watu waliokuwa ndani. Aliyelala pale mwaka 1992 alilala akijua mlango unaweza kuvunjwa usiku wowote.

Sasa tazama hesabu. Wafungwa waliokuwa kwenye orodha ya akina mama walikuwa 52. Walitoka kwa mafungu, na kufikia mapema mwaka 1993, kwa maelezo ya Maathai, wote walikuwa huru isipokuwa mmoja. Hamsini na mmoja kati ya hamsini na wawili. Nimekaa na hesabu hii muda mrefu. Kwa mwanasiasa huo ni ushindi wa kutangazia dunia. Lakini harakati hizi hazikuanza kwa hesabu za wanasiasa; zilianza kwa mama mmoja na mtoto mmoja, na yule mmoja aliyebaki ana mama. Pia niliwaza juu ya yule ambaye mwanawe alitoka mapema. Orodha haikuwa ya mtu binafsi, ilikuwa ya wote, na aliyekwisha kumpata wake bado alikuwa na sababu ya kuwatembelea wenzake pale chini. Vyama vya upinzani mwaka ule huo vilishindwa jambo hilohilo. FORD, chama kikuu cha upinzani, ilipasuka vipande viwili kabla ya kura.

Wapinzani wa mtazamo wangu wana hoja nzito zaidi, na ni hii: wafungwa waliachiliwa na wafadhili. Novemba 1991, mjini Paris, nchi na mashirika yaliyokuwa yakiisaidia Kenya yalisimamisha misaada mipya kwa miezi sita, na mwezi uliofuata tu Rais Moi akakubali vyama vingi. Mtu aliyesalimu amri mbele ya pesa, wanasema, hakusalimu amri mbele ya vikongwe. Sina namna ya kuzitenganisha nguvu hizi mbili, na anayedai kuwa anayo simwamini. Nauliza tu juu ya tarehe. Sheria ilibadilika Desemba. Mwishoni mwa Februari wale watu 52 walikuwa bado ndani. Wafadhili walidai vyama na uchaguzi. Kwenye orodha ya masharti ya namna hiyo, mfungwa asiye na jina kubwa husahaulika kwa urahisi sana. Alihitaji mtu wa kulitamka jina lake kila asubuhi.

Na ni kweli pia kwamba utawala haukuanguka. Desemba 1992 Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, upinzani ukiwa umegawana zilizobaki, akatawala miaka kumi zaidi. Mwanasiasa wa upinzani Koigi wa Wamwere, ambaye mama yake Monica alikuwa nguzo ya kikundi kile, aliachiliwa Januari 1993 na kukamatwa tena Novemba mwaka huohuo, akashtakiwa kwa wizi wa mabavu na kuhukumiwa 1995. Mama yule alikwishamwona mwanawe akiwekwa kizuizini mwaka 1975 chini ya Kenyatta, tena 1982 chini ya Moi, tena 1990. Ukimpimia ushindi kwa kipimo cha kuangusha serikali, hakushinda. Yeye hakwenda pale kuangusha serikali.

Kuna lawama moja ya mwisho ambayo sina jibu lake kamili. Baadhi ya wanawake waliosoma historia hii wanasema harakati zilipata nguvu kwa kusema "sisi ni mama tu", na kwa kusema hivyo ziliwafunga wanawake kwenye mlango mmoja wa kuingilia siasa. Asiyezaa asimame wapi? Dada wa mfungwa je, mke wake, au mwanamke aliyefungwa yeye mwenyewe? Na umama uliotumiwa pale ulikuwa na lugha na mila ya jamii moja zaidi ya nyingine, jambo lililowarahisishia watetezi wa serikali kuliita suala la kabila. Naona ukweli katika haya. Najua pia kwamba mwaka 1992 mlango huo ndio uliokuwa wazi kwa kadiri ya upana wa bega moja, nao wakapita, na wanaume walioteswa wakapita nyuma yao.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza kama maandamano ya amani yanafaa kitu, siwajibu kwa tarehe 3 Machi. Nawauliza wako wangapi, ndugu za waliotekwa wakirudishwa nyumbani usiku na polisi, watakaopanda matatu ya kwanza asubuhi kurudi mjini. Na nani atawapelekea uji mwezi wa saba.