Piga Windows Mwenyewe

Mtaani kwetu hakuna mtu anayesakinisha Windows. Windows inapigwa. "Fundi, nipigie Windows na Ofisi," unasema, unaacha laptopu mezani, unakwenda kunywa chai. Ukirudi unakuta mashine inawaka vizuri, Word ipo, VLC ipo, hata michezo ambayo hukuomba ipo. Unalipa elfu kumi na tano, unaitia kwenye begi, unaondoka.

Nimeishi hivyo miaka mingi, na sina ugomvi na mafundi. Wengi wanaijua kazi kuliko watu wenye vyeti ukutani. Ugomvi wangu ni na sisi wateja. Ukipanga chumba Tabata, kabla hata ya kuingiza kitanda unabadilisha kitasa, kwa sababu hujui mpangaji aliyetoka alichonga funguo ngapi. Kwenye kompyuta hatufanyi hivyo, ingawa humo ndimo zimo picha za harusi, nakala za vyeti na akaunti ya barua pepe inayofungua kila kitu kingine.

Nilizinduka niliponunua HP EliteBook 840 G3 iliyotumika, Kariakoo, kwa ajili ya mwanangu wa kidato cha pili. Mashine nzuri, nyepesi, kibodi tamu. Usiku nikafungua Defender, yaani antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, nikakuta imezimwa. Nikaiwasha. Nikainuka kuchukua maji, niliporudi imezimwa tena. Kwenye mipangilio yake kuna orodha ya mafaili na folda ambazo Defender imeagizwa isizikague. Watu wengi hawajawahi kuifungua. Ya kwangu ilikuwa na mstari mmoja tu: diski C yote. Mlinzi yupo getini, sare amevaa, lakini ameambiwa asimuulize mtu yeyote swali.

Akaunti nazo zilikuwa mbili. Moja iliitwa User, haina nywila, na ina mamlaka yote ya msimamizi. Ya pili ilikuwa na jina la mtu nisiyemjua, nayo msimamizi. Juu ya hayo kulikuwa na programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, iliyopangwa kujiwasha kila mashine inapowaka. Huenda kuna mtu alisahau tu kuiondoa. Sikutaka kukesha nikijiuliza ni nani.

Mambo haya mara nyingi yana mzizi mmoja, nao ni aktiveta, ambayo mtaani tunaiita krak. Ili Windows isiyolipiwa ijione imelipiwa, programu ya krak lazima ipewe mamlaka ya juu na iguse mafaili ambayo programu ya kawaida haiyafikii. Defender ikiiona inaikamata, na ndiyo maana agizo la kwanza la kila krak ni lile lile: zima antivairasi kwanza. Mtu anayekutaka ufunge mbwa kabla hajaingia uani, wewe ungemfungulia? Krak nyingine huenda zinafanya zilichoahidi tu na kunyamaza. Nyingine zinakuja na mgeni. Kwa kuzitazama huwezi kuzitofautisha, na tayari umeshamfunga mbwa.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi krak haihitajiki hata kidogo. Laptopu hizi za maofisini zinazotufikia kutoka Ulaya na Marekani kwa kawaida ziliondoka kiwandani na leseni halali. Tangu zama za Windows 8, watengenezaji wengi huandika ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta. Ukisakinisha toleo lile lile iliyokuja nalo, Pro kwa Pro, kisha ukaiunganisha na intaneti, inajithibitisha yenyewe. Ya kwangu ilifanya hivyo bila kuniuliza lolote. Tulikuwa tunapigiwa Windows ya wizi juu ya leseni ambayo tayari tunayo! Mashine za mezani za kuunganishwa mtaani ni habari nyingine; hizo aghalabu hazina ufunguo ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukiishia hapa tu nitakuwa nimeridhika: mashine uliyoinunua imetumika, ifute yote na uisakinishe mwenyewe. Unahitaji flashi ya GB 8 na programu ndogo ya Microsoft ya kutengenezea flashi ya usakinishaji, ambayo unaipakua bure kwenye tovuti yao. Unapakua gigabaiti kadhaa, basi subiri bando la usiku. Ukiwasha mashine, bonyeza F9 mfululizo kama ni HP, au F12 kama ni Dell au Lenovo, uchague flashi. Ukifika mahali pa kuchagua diski, futa vigawanyo vyote, yaani vipande diski ilivyogawanywa, usibakishe hata kimoja. Kama kuna mafaili yako humo, yahamishe kabla, maana hapo hakuna kurudi nyuma. Mara ya kwanza jasho litakutoka. Mara ya pili utakuwa unamfanyia jirani.

Baada ya hapo tengeneza akaunti mbili, na kwenye hili mimi ni mkaidi. Ya kwanza ni ya msimamizi, ina nywila ndefu, na huitumii kwa kazi yoyote ya kila siku. Ya pili ni ya kawaida, ndiyo unayoandikia, unayotazamia mpira, unayoingilia mtandaoni. Wewe pia, si watoto tu. Watu hudhani akaunti ya kawaida ni adhabu kwa wasiojua kompyuta, lakini mimi najua kidogo na ndiyo maana najiogopa. Programu yoyote unayoifungua hurithi mamlaka yako. Ukiwa msimamizi, kirusi kinachotaka kuingia ndani kabisa kinahitaji ubonyeze "ndiyo" mara moja tu, na vidole vyetu vimeshazoea kubonyeza ndiyo kabla macho hayajasoma. Ukiwa kwenye akaunti ya kawaida, unaombwa nywila ya msimamizi, na zile herufi kumi na nne unazotakiwa kuziandika zinakupa nafasi ya kujiuliza: kwa nini picha ya mwaliko wa send-off inataka ruhusa ya msimamizi?

Picha ya mwaliko imenikumbusha jambo. Windows, kwa mazoea yasiyoeleweka, huficha kiendelezi cha jina la faili, ule mkia wa baada ya nukta unaosema faili ni la aina gani. Faili linaloitwa mwaliko.jpg.exe utaliona kama mwaliko.jpg, nawe utalibonyeza ukidhani ni picha kumbe ni programu. Ujanja huu ni wa zamani: kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilijiita barua ya mapenzi ya .txt, mkia wake wa .vbs ukiwa umefichwa, kikazunguka dunia kwa siku chache. Miaka imekwenda na bado mipangilio ya kuanzia ni ile ile. Fungua File Explorer, nenda kwenye menyu ya kuonyesha, weka tiki kwenye viendelezi vya majina ya mafaili. Weka na ya vitu vilivyofichwa.

Tiki hiyo ya vilivyofichwa itakuokoa kwenye steshenari. Kila mwanafunzi anaijua hali hii: unapeleka flashi kuchapisha, ukirudi nyumbani folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), na ukiibonyeza moja, mashine yako nayo imeambukizwa. Mara nyingi mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa tu. Usibonyeze kitu. Washa kuonyesha vilivyofichwa, pamoja na mafaili ya mfumo, nakili vyako, kisha fomati flashi. Mimi sasa nina flashi moja ya steshenari, haina kitu kingine chochote, na haigusi mashine ya nyumbani kabla ya kukaguliwa. Hati ninayotaka kuchapisha naiweka kwa PDF.

Halafu kuna saa. Mashine zilizotumika, hasa za mezani, mara nyingi zina betri ndogo ya ubao mama iliyokufa, ile ya duara inayoitwa CR2032. Ukizima umeme ukutani, saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na kesho yake kila tovuti unayofungua inakuambia muunganisho si salama, kwa sababu vyeti vya tovuti vina tarehe na kompyuta inadhani tarehe hizo hazijafika. Mtu anazoea kubonyeza "endelea hivyo hivyo" kila siku. Siku akipelekwa kwenye tovuti bandia ya benki, onyo ni lile lile na kidole ni kile kile. Badilisha betri, ni kitu cha bei ndogo. Na kwenye saa za eneo usiitafute Dar es Salaam. Windows imetuweka wote chini ya Nairobi. Watani wetu wa Kenya wafurahi.

Masasisho. Najua kinachotufanya tuyazime, ni bando. Unaweka GB 2 za wiki, unawasha hotspot utume barua pepe moja, Windows inazila zote na unabaki unatazamana na simu. Lakini kumbuka WannaCry, programu ya kuteka mafaili iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kufika nchi zipatazo 150. Kiraka cha tundu lililotumika Microsoft walikuwa wamekitoa tarehe 14 Machi mwaka huo huo. Miezi miwili nzima! Ninachofanya mimi: hotspot ya simu nimeitambulisha kwa Windows kama muunganisho wa kupimiwa (metered connection), hivyo masasisho makubwa yanasubiri, na mara moja kwa wiki naipeleka mashine kwenye waifai ya maana na kuyaruhusu yote. Pia nimezima ule utaratibu wa Windows kugawa masasisho yako kwa kompyuta za watu wengine mtandaoni. Ukarimu mzuri, lakini si kwa bando langu. Na kama umeingia kwa akaunti ya Microsoft, angalia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, haipakii picha zako zote mawinguni kimya kimya.

Kuipamba sitakaa sana. Picha ya nyuma na rangi kila mtu ana ladha yake. Kwangu urembo wa kompyuta ni kupunguza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka. Nenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, uzime kila usichokihitaji dakika ile mashine inapoamka. Ondoa vihabari vya pembeni (widgets) na matangazo ya menyu ya kuanzia. Kwenye kivinjari, futa ruhusa ya arifa kwa tovuti zote; yale matangazo yanayojitokeza kwenye kona yakisema una virusi vitano, mara nyingi ni tovuti ya kuangalizia mpira uliyoibonyezea "ruhusu" bila kusoma. EliteBook yenye RAM ya GB 8 iliyopunguzwa hivi inapumua.

Kufunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofanya mafaili yasisomeke bila ufunguo, kunanigawa. Kwa laptopu inayopanda daladala, ndiyo, funga: ikiibiwa, mwizi anapata chuma tu. Kwa kompyuta ya mezani isiyotoka sebuleni, naona hatari ya kujifungia nje mwenyewe ni kubwa kuliko ya mwizi. Siku hizi baadhi ya mashine mpya zinajifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mwenyewe hujui. Siku fundi akigusa mipangilio ya BIOS, ile programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows, unaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute leo kwenye akaunti yako, uuandike kwenye daftari, daftari likae na hati ya kiwanja. Na nakala ya mafaili iwe kwenye diski ya nje inayochomolewa ikimaliza kazi. Diski iliyochomekwa muda wote itatekwa pamoja na kompyuta.

Sasa 840 G3 yetu. Windows 10 iliishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft waliwapa watumiaji wa nyumbani muda wa ziada wa masasisho ya usalama, hadi 13 Oktoba 2026, kwa masharti ya kujiandikisha. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ya kutunzia funguo, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. G3 ni kizazi cha 6. Zipo njia za kuilazimisha, lakini ukilazimisha unarudi kwenye maisha ya kubahatisha niliyokuwa nayakimbia. Nikaweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ni bure, haihitaji krak, na akaunti ya kwanza inakutaka nywila tangu siku ya kwanza kila unapotaka kusakinisha kitu. Inakuja na LibreOffice, programu za ofisi za bure, ambayo ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Insha ya mtoto haitapakwa mistari myekundu kuanzia salamu hadi sahihi. Si jambo geni kwetu hilo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunapanga foleni intaneti kafe.

Mwanangu alinuna siku mbili kwa sababu mchezo wake wa mpira haupo. Siku ya tatu nikakuta ameshabadilisha picha ya nyuma, amehamisha upau wa chini ukawa juu, na ameipa mashine jina. Nywila ya msimamizi ameniomba mara nne. Sijampa.