Kusini haikukosa viwanda, ilikosa namna ya kuviendesha

Kila mjadala wa viwanda unapozuka nchini, hakosekani mtu wa kudai kwamba Lindi na Mtwara zimebaki nyuma kwa sababu wenyeji hawapendi kazi. Anayesema hivyo, nadhani, hajawahi kumwona mama wa kikundi cha ubanguaji akipasua korosho moja baada ya nyingine, mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu wa maganda usimchune ngozi.

Viwanda vilijengwa. Serikali, ikitegemea kwa sehemu kubwa mikopo ya Benki ya Dunia, ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi vikiwa kusini. Lakini wakati vinakamilika zao lenyewe lilikuwa likiporomoka: msimu wa 1973/74 ulitoa takriban tani 145,000, na katikati ya muongo uliofuata mavuno hayakufika tani 20,000, kwa kuwa operesheni ya vijiji iliwahamishia wakulima mbali na mikorosho yao, na bei waliyolipwa haikuwapa hamu ya kurudi kuipalilia. Mashine nazo zilivunja punje nyingi, ilhali soko la nje hulipa vizuri punje nzima. Baadhi ya majengo hayo yaligeuzwa maghala ya korosho ghafi inayosubiri meli, kejeli iliyoje!

Uchukuzi nao ulichangia. Reli ya Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati ile ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, iling'olewa baada ya mradi kufa. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla ya hapo magari yalitegemea kivuko, na masika yakikolea safari zilikwama.

Hata hivyo, kinachosahauliwa zaidi ni mtaji wa msimu. Mavuno huanza kushika kasi Oktoba na minada hudumu miezi michache, kwa hiyo mbanguaji anayetaka kufanya kazi mwaka mzima hulazimika kununua malighafi yote katika kipindi hicho kifupi, mara nyingi kwa fedha za mkopo, kisha aiweke ghalani huku riba ikiendelea kuhesabiwa. Mnadani hushindana na wanunuzi wanaosafirisha korosho kwenda India na Vietnam, ambako viwanda hupokea shehena za Afrika Mashariki msimu mmoja na za Afrika Magharibi msimu mwingine, hivyo havilazimiki kulundika akiba ya mwaka mzima. Mkulima akimuuzia mwenye bei ya juu, mimi simlaumu hata kidogo.

Ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje husaidia kiasi, ila haumpatii mbanguaji fedha taslimu mwezi Oktoba. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, sehemu ya ushuru huo ingekuwa mikopo ya msimu yenye riba nafuu kwa wabanguaji, vikundi vya akina mama vikiwa vya kwanza kuhudumiwa, kabla ya kukata utepe wa jengo jingine.