Antioksidanti kwa wagonjwa wa dayalisisi: tatizo lipo kweli, ila vidonge bado

Ukigusa tu habari ya wagonjwa wa figo walioko kwenye dayalisisi, yaani wanaosafishwa damu kwa mashine, utaambiwa antioksidanti zao (vitu vinavyokinga seli zisiharibiwe) ziko chini, kwahiyo wameze vitamini. Hiyo ya kwanza ni kweli kabisa. Hiyo ya pili ndo inayonipa wasiwasi, maana kuna watu wanaumia hapo.

Upungufu wenyewe una sababu zake. Figo zikifeli sumu zinabaki mwilini na radikali huru, yaani chembe zinazoharibu seli, zinaongezeka, halafu damu ikipita kwenye chujio la mashine seli nyeupe zinashtuka na kumwaga radikali kama vile zimeona mdudu, na mtu anakaa hapo kama masaa manne, mara 3 kwa wiki wengi wao. Vitamini C nayo inayeyuka kwenye maji kwahiyo inatoka pamoja na taka, na huyohuyo mgonjwa kaambiwa apunguze matunda kwa sababu yana potasiamu, madini ambayo figo mbovu haziyatoi vizuri, sasa ataifidia wapi? Mishipa ya damu inaharibika, moyo unachoka, na moyo ndo unaondoa wengi kwenye dayalisisi.

Wanaotetea vidonge wana ushahidi, tusiwaonee. Mwaka 2000 utafiti wa SPACE uliwapa wagonjwa 196 wenye ugonjwa wa moyo tayari ama vitamini E yuniti 800 kwa siku ama kidonge kisicho na dawa, na matukio ya moyo na mishipa yakawa asilimia 16 kwa waliopata vitamini na 33 kwa wenzao. Si kidogo. Ila vifo kwa ujumla havikutofautiana, na watu 196 ni wachache. Mwaka 2014 likaja jaribio jingine la wagonjwa 353, vitamini E pamoja na asidi ya alfa lipoiki kwa miezi 6, na vipimo vya uvimbe ndani ya mwili na vya msongo wa oksidesheni (uharibifu unaoletwa na radikali) havikusogea.

Alafu kuna hili la vipimo ambalo wengi hawalisemi. Ukipima uwezo wote wa antioksidanti kwenye damu kabla ya kuunganishwa kwenye mashine unaweza kukuta uko juu, ukashangilia bure, kumbe ni asidi ya yuriki iliyorundikana kwa kuwa figo haziitoi, na yenyewe inahesabika kama antioksidanti. Akimaliza kusafishwa namba inashuka. Sasa kapata nafuu au kaharibikiwa? Namba moja tu haiwezi kukujibu.

Na madhara yapo. Vitamini C ikizidi inageuka taka inayoitwa oksaleti ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa, inaganda kwenye viungo na hata kwenye moyo. Vitamini A ndo kabisa, kwa hawa watu inajilimbikiza yenyewe bila hata kuongezewa.

Mimi naegemea kushughulikia chanzo kwanza: mpira wa shingoni wa kumuunganisha mgonjwa na mashine utolewe mapema mshipa wa mkononi ulioandaliwa kwa kazi hiyo ukiwa tayari, maambukizi yatibiwe, madini ya chuma ya kuchoma kwenye mshipa yatolewe kwa kupima na sio kwa mazoea, maana yakizidi yenyewe yanazalisha radikali. Vitamini C ya kiasi kidogo kufidia inayopotea sina ugomvi nayo, iandikwe na daktari wa figo, na imezwe baada ya kutoka kwenye mashine, ukimeza kabla nyingi inaishia kwenye maji machafu.