Mwashi aliyeumia mgongo asikimbilie kufungua genge

Makala moja inamshauri fundi mwashi aliyeanguka jukwaani na kuumia mgongo afungue genge la kuuza vyakula. Sikubaliani. Mgongo umegoma, lakini jicho lake bado linatambua ukuta uliopinda kabla timazi halijatolewa. Kazi iliyo karibu naye ni makadirio na usimamizi wa ujenzi.

Aanzie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa kwa anachokijua, haanzi kozi upya. Kisha azoee kuandika hesabu ambazo zamani alizifanya kichwani. Tofali la inchi 18 kwa 9 huingia karibu 9 kwa mita ya mraba. Aweke 10, maana mengine huvunjika wakati wa kushusha. Ukuta wa mita 10 kwa 3, ukitoa mita za mraba 6 za mlango na madirisha, ni tofali 240. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hula mifuko 6 na nusu hivi ya saruji kwa mita ya ujazo.

Wengi hukwama kwenye malipo. Ukilipwa kwa siku, mwenye nyumba atakuita siku ya kumwaga zege tu, wakati makosa ya nondo yameshafunikwa. Afadhali kwa hatua: msingi, lenta, kupaua, plasta, nusu ikitangulia kila hatua. Kamisheni za duka la vifaa aziache kabisa; mteja akizigundua, jina limekwisha.

Jukwaa na mirunda asiuze, akodishe. Fidia ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asiitegemee: ni ya walioajiriwa.